Pete ya Mlango Iliyozongwa Bafta

Jumatatu, 15 Aprili 1946

Masika yameshika. Tangu alfajiri maji yanamwagika kutoka mapaani hadi kichochoroni kwa kelele moja isiyobadilika, na mimi, niliyezoea kuamka nikiwa na watu kumi wa kubishana nao, sina hata mmoja. Ndiyo sababu nimenunua daftari hili. Mtu aliyesoma akikaa miezi mingi bila kuandika, fikira zake hushika kutu.

Niyaeleze mambo kwa utaratibu. Baba yangu, mshona kofia, alifariki Ijumaa, tarehe mosi Februari. Mama yangu, Bimdogo, yumo edani, katika chumba cha juu, na hatatoka mpaka tarehe tisa Juni. Hadi siku hiyo haonani na mwanamume isipokuwa mimi na ndugu zake wa damu. Hajitii manukato, havai nguo ya rangi. Shangazi Sheikha, dada wa baba, amehamia kwetu kumtunza. Mimi nangoja barua ya Idara ya Elimu ya kunipangia shule ya kufundisha.

Nilipofika kutoka chuoni Kampala, siku nne baada ya mazishi, hapana aliyeniambia habari. Niliiona mwenyewe mlangoni: pete ya shaba ilikuwa imezongwa kipande cha bafta. Miaka thelathini baba alirudi kila laasiri na kuigonga pete ile kwa namna yake, mara moja pole, kisha mara mbili upesi. Mama alihofu kwamba mtu mwingine akiigonga, moyo wake utashuka ngazi mbio kabla ya akili kumkumbusha. Basi akaifunga kwa bafta iliyosalia ilipokatwa sanda, na sasa wageni hupiga hodi kwa mdomo. Nilimwambia kuwa jambo hilo halimo katika sheria ya eda.

Akanijibu, "Sikusema limo."

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Barua haikuja.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nimemkuta paka wa baba amelala juu ya cheti changu. Cheti hicho kimenigharimu miaka ya ujana wangu, na mnyama huyu amekiona ni mkeka. Anaitwa Bizari, kwa rangi yake, na mwendo wake ni wa mtu aliyerithi nyumba. Kila laasiri hushuka, akakaa nyuma ya mlango kama nusu saa, kisha hupanda tena akilia ngazi nzima. Mama humlisha kutoka sahani yake mwenyewe. Nikipita karibu na chumba namsikia akimsimulia mambo: ya mvua, ya dawa ya kifua, ya kofia iliyoachwa bila kumalizwa. Mimi hunijibu nikimuuliza. Paka huzungumza naye.

Nilimwambia shangazi kuwa ni aibu kumfanya paka mtu.

"Wewe mwonee huruma tu, mwanangu," akasema huku akichambua mchele. "Alilala miguuni pa babako usiku na mchana, mpaka roho ilipotoka."

Hakusema kwa kunichoma. Shangazi akitaka kuchoma huinua sauti. Lakini kitabu nilichokuwa nikisoma nilikifunga.

Alhamisi, 25 Aprili

Abdeali, mwenye duka la nafaka la mtaani kwetu, alikuja asubuhi na mwavuli uliovunjika mbavu. Akasimama mlangoni akipiga hodi kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mama.

"Bwana Abdulhalim, ghala yangu ya Majengo imekwisha. Panya wamekuwa wakubwa, wananitazama usoni, wala hawakimbii! Mchele ni wa vibali vya serikali, watu wanaungoja. Niazime paka wa marehemu, wiki moja tu. Babako alikuwa akiniazima kila masika."

Nikampa. Naandika neno hili kama lilivyo, kwa sababu daftari la uongo halina faida. Sikupanda kumuuliza mama. Nilijiambia kuwa si jambo la kumsumbulia mtu aliye edani. Kazungu, hamali wa Abdeali, akamtia Bizari kapuni, akafunga kifuniko kwa kamba, akampakia juu ya mkokoteni mvuani. Mlio wake niliusikia mpaka walipokata kona. Kisha nyumba ikawa kimya, nikasoma kurasa arubaini.

Laasiri mama akaniita. "Bizari yuwapi? Simsikii mlangoni."

"Yumo katika matembezi yake," nikasema.

Jumamosi, 27 Aprili

Abdeali amekuja tena, bila mwavuli, uso umemshuka. Bizari alitoka ghalani usiku ule ule wa kwanza, kwa dirisha la juu lenye wavu uliooza, na kamba shingoni.

"Mlimfunga kamba?"

"Alikuwa analia, anarukia ukuta, tutafanyaje? Zamani hakufanya hivi. Lakini zamani babako alikuja naye mwenyewe. Alikaa palepale juu ya gunia na kofia yake na sindano, anashona mpaka Magharibi. Siku tatu. Paka akishatulia, ndipo babako huenda zake. Nilidhani wajua."

Sikujua. Ninajua mpangilio wa bunge la Athene na sababu tatu za kuanguka kwa Roma.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Mama ameuliza tena. Nimesema paka dume hupotea siku kadhaa, kisha hurudi; kwamba ni tabia yao, imeandikwa.

Ijumaa, 3 Mei

Nimekwenda Majengo mara tatu sasa, na viatu vyangu vya Kampala vimekwisha. Nyumba za udongo zimeshikana mabega, vijia vyote vimekuwa matope, na mtu mwenye tai anayeinama chini ya mikokoteni akiita "Bizari! Bizari!" hana namna ya kujieleza. Mama mmoja muuza viungo akaniitikia: "Bizari ninayo, bwana, wataka kiasi gani?"

Kurudi mjini, wazee wa barazani wakanipokea.

"Bwana Kampala! Mwanafunzi wako amekimbia shule?"

"Mwache, atafuta paka."

"Miaka yote ile Uganda, kumbe asomea paka!"

Nilikuwa na jawabu kali, tena refu. Nikakumbuka kwamba barazani pale baba alikaa kila Ijumaa, nikapita kimya.

Jumanne, 7 Mei

Hakuna.

Alhamisi, 9 Mei

Sahani ya mama imeshuka kama ilivyopanda. Hii ni siku ya tatu. Shangazi anasema anakunywa chai tupu.

Nilipanda kumsemesha. Alikuwa amekaa karibu na dirisha lenye mbao zilizopandana, mahali ambapo mtu huona nje bila kuonekana, na mkononi ana sahani aliyokuwa akimlishia Bizari, amekwisha kuiosha, anaiosha tena kwa kidole kikavu.

"Hata paka ameona nyumba hii haina mtu," akasema.

Nikashuka. Nataka niandike hapa jambo ambalo sijalisema kwa mtu. Simu ya maandishi kutoka nyumbani ilinifikia tarehe ishirini na nne Januari: BABA MGONJWA NJOO. Niliisoma kama nisomavyo hoja. Nikasema: baba hukohoa kila kaskazi, na kila kaskazi huinuka. Nikasema: angekuwa mahututi wangeandika mahututi. Tarehe mbili Februari ilikuwa siku ya kupewa vyeti, mbele ya wageni. Hoja yangu ilikuwa imara, sikuona pengo ndani yake. Basi nikapokea cheti changu Jumamosi, nikapiga picha nikitabasamu, na baba alikuwa amekwisha kulala kaburini tangu Ijumaa jioni. Picha hiyo imo sandukuni. Mama hajaniuliza kamwe kwa nini nilichelewa. Kama angeuliza ningemjibu, na hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba jawabu ninalo tayari.

Jumapili, 12 Mei

Nimegombana na shangazi. Nilipendekeza mama ashuke hadi ukumbini na kumwita paka kwa sauti yake kutoka mlango wa nyuma. Nilimletea ushahidi: eda haimkatazi mwanamke haja yake ya mchana, na sauti ya kumwita mnyama si ya kumwita mwanamume. Nilitaja vitabu viwili.

"Kitabu chako kimewahi kufiwa na mume?" akaniuliza shangazi.

"Shangazi, hilo si jawabu."

"Ndilo hilo. Wewe wamwambia anachoruhusiwa. Yeye hakai mle kwa kukatazwa, akaa kwa kuwa alimpenda. Mpaka utakapolielewa hilo, usinisomee."

Nilishindwa, na sikuchukizwa kama nilivyozoea.

Jumatano, 15 Mei

Mvua kubwa. Maji yameingia ukumbini. Mama amekula vijiko vitatu vya uji, shangazi amevihesabu.

Ijumaa, 17 Mei

Kazungu alileta gunia la mkaa. Yeye ni mtu wa Kaloleni, wa maneno machache, na tangu siku ile ya kapu hajanitazama machoni. Leo, akijifuta mvua, akasema:

"Nimemwona paka wenu. Jana, nyuma ya Marikiti, penye mabanda ya samaki. Bado ana kipande cha kamba. Mguu wa mbele anauchechemea."

"Ukamkamata?"

"Amekimbia. Sasa ni mwitu yule. Lakini yu karibu, bwana. Apita vichochoroni humu humu, hajui mlango ni upi. Mvua imeosha harufu zote."

"Nimemwita kila pahali!"

Kazungu akanitazama, mara ya kwanza. "Wewe wamwita jina. Jina ni la watu. Mzee hakuwa akimwita jina. Mimi nikileta mzigo laasiri nilikuwa nikiona: mzee agonga pete, paka ashuka, apewa kichwa cha samaki. Paka huyu aijua ile pete. Na pete sasa haisemi."

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Hamali ambaye hakuingia darasani amefikiri vizuri kuliko mimi. Lakini bafta ile ni ya mama. Kuifungua ni kumfanya asikie laasiri mkono wa mume wake ukigonga, naye amejitahidi miezi mitatu na nusu asisikie. Na siwezi kuomba ruhusa bila kueleza jinsi paka alivyotoka.

Jumamosi, 18 Mei

Nimemwambia.

Nilipanda baada ya adhuhuri, nikakaa chini, sikukaa kitini. Nilikuwa nimeyapanga maneno: utangulizi, sababu, kisha ombi. Nilipomwona jinsi mikono yake ilivyokonda nikayasahau yote.

"Mama, Bizari hakutoka mwenyewe. Mimi nilimtoa. Nilimwazima Abdeali, akatiwa kapuni, akapelekwa Majengo. Alitoroka huko. Nami nimekudanganya tangu siku hiyo."

Nje maji yalikuwa yakitiririka kutoka mfereji wa paa.

"Ulimtoa siku gani?"

"Alhamisi. Tarehe ishirini na tano."

"Mvua ilikuwa ikinyesha?"

"Ilikuwa ikinyesha."

"Kapu lilikuwa na kifuniko?"

"Lilikuwa nacho."

"Basi hakulowa sana," akasema, na ndipo alipolia. Alilia kwa ukingo wa kaniki yake nyeusi, bila sauti, kama afanyavyo mtu aliyeambiwa kuwa wapo watu chini. Sijapata kumwona mama akilia. Msiba wenyewe sikuukuta.

Nikamweleza habari ya Kazungu na pete. Nikasema, "Sitaifungua usiponiruhusu. Ukikataa, nitazunguka Marikiti mpaka nimkamate."

"Babako alikuwa akigonga vipi? Wakumbuka?"

Nikagonga kwa kidole sakafuni. Moja. Mbili upesi.

Akanishika mkono, akauzuia. "Hapana. Ya kwanza yake ilikuwa pole zaidi. Alikuwa amechoka akifika." Kisha akaniachia. "Nipe siku mbili."

Jumatatu, 20 Mei

Ameniita asubuhi.

"Gonga," akasema. "Lakini kila ukitaka kugonga, panda kwanza uniambie. Nipate kujua kuwa si yeye."

Nimeshuka nikaifungua bafta. Ilikuwa imeshika unyevu, na chini yake shaba imeota ukijani. Nimeikunja nikaiweka katika kitabu. Laasiri nikapanda: "Mama, nagonga." Nikashuka, nikasimama nje na kichwa cha samaki mkononi, nikagonga. Mzee mmoja wa barazani alisimama wima, akaangalia kona ambako baba alikuwa akitokea, kisha akakaa polepole. Hapana aliyefanya mzaha.

Paka hakuja. Juu sikusikia kitu.

Jumanne, 21 Mei

Mama, nagonga. Nikagonga. Hakuja.

Jumatano, 22 Mei

Nimegonga. Hakuja. Shangazi anasema nikigonga mama huziba masikio, kisha huyazibua kabla sijamaliza.

Alhamisi, 23 Mei

Hakuja. Muuza samaki amekataa malipo ya vichwa. Anasema ni vya mzee.

Jumamosi, 25 Mei

Jana mvua ilizima kila sauti, sikugonga. Mama akauliza kwa nini. Leo nimegonga, na mama amekula wali, kidogo, na mchuzi. Namwona anaisubiri laasiri. Sijui kama nimemtendea wema au ukatili, na sina kitabu cha kuuliza.

Jumatatu, 27 Mei

Nilipopanda kumwambia, akanikatiza: "Usiniambie tena. Nenda tu."

Hakuja.

Jumanne, 28 Mei

Amekuja.

Nataka kuandika kwa mpangilio. Mvua ilikuwa imekatika tangu adhuhuri, kichochoro kinatoa mvuke. Nimegonga ya kwanza pole, kama mtu aliyechoka akifika, na sikuigiza, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kweli. Kisha mbili. Nikangoja. Nilikuwa nimekwisha kugeuka kuingia ndani nilipomwona amesimama kwenye kona, mguu mmoja ameuinua. Sikumjua mara moja. Rangi yake ya bizari ilikuwa imegeuka matope, sikio moja limechanika, kamba ingali shingoni na mbavu zahesabika. Mzee wa barazani akanong'ona, "Usitikisike, Bwana Kampala. Usitikisike hata kope."

Akaja kwa kuchechemea. Akaufikia mlango, akainusa miguu yangu, akautazama mkono uliokuwa bado kwenye pete. Kisha akaniangalia usoni, halafu akautoa uso wake kwangu, akatazama nyuma yangu, kichochoro chote mpaka mwisho, akangoja. Alingoja kwa adabu, kama mgeni aliyeambiwa mwenye nyumba yuaja sasa hivi. Kichwa cha samaki nilikiweka mbele yake, hakukigusa. Nikaketi kizingitini, katika maji, na suruali yangu nzuri, nikamwambia polepole kwamba ni mimi tu. Sina haja ya kulificha hilo.

Hatimaye akapita kando yangu, akapanda ngazi.

Nilimfuata. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono yote miwili kifuani. Paka akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kitanda cha baba, akarukia miguuni, akashindwa kwa ule mguu, akarukia tena. Mama akamwinua. Uchafu wote ule akaukumbatia katika kaniki yake.

"Umechelewa," akamwambia. "Lakini umekuja."

Kisha akainua macho akaniangalia mimi, wala hakubadilisha maneno.

Baada ya muda akauliza, "Ile bafta iko wapi?" Nikaileta. Ameikata kamba, ameuosha mguu kwa maji ya chumvi, na kwa bafta ile akamfunga jeraha. Kwa hiyo pete haitafungwa tena, maana hapana cha kuifungia.

Nimemsikia jioni akimsimulia Bizari habari za mwezi mzima. Mlango wa chumba hakuufunga. Nilikaa ngazini nikasikiliza na mimi.

Jumamosi, 1 Juni

Abdeali ameleta samli kwa ajili ya paka na kibaba cha mchele kwa ajili ya mama, akasimama akilaumu wavu wa dirisha. Nikamwambia aliyekosa ni mimi. Akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa panya.

Alhamisi, 6 Juni

Barua imekuja. Nitafundisha Kwale, kuanzia katikati ya mwezi huu.

Jumatatu, 10 Juni

Jana mama ametolewa edani. Shangazi na wanawake wa mtaani walimwosha tangu alfajiri, wakamvika kanga mpya, wakafukiza udi hadi ukumbini. Walimfanyia hayo kwa upole, kama wamfanyiao mgonjwa aliyepona nusu. Aliposhuka ngazi alishika ukuta. Akaitazama sana kofia ile iliyoachwa bila kumalizwa, nayo sindano ingali imechomekwa, akasema, "Hii iacheni ilivyo."

Leo asubuhi nilikuwa nafunga sanduku. Akaja mlangoni kwangu, Bizari nyuma yake.

"Ukija kutoka Kwale, ugonge."

"Nitagonga vipi, mama?"

"Usigonge kama yeye. Ile imekwisha kazi yake. Gonga kama wewe."

Nimetoka nje kujaribu. Miezi minne nimekuwa nikiingia na kutoka nyumba hii bila kumgongea mtu. Nilisimama mbele ya pete kama mwanafunzi asiyesoma somo lake, na wazee wa barazani wakaniangalia. Nikagonga.

Juu nikasikia miguu miwili ikianza kushuka ngazi, na mbele yake minne, mmoja ukichechemea.